Haibridi 700C: matairi gani kwa lami siku za kazi, vumbi na mchanga wikiendi?

Mwalimu_Goba

Wakuu, habari za jioni.

Naomba ushauri wa matairi. Nina baiskeli ya haibridi (nusu ya lami, nusu ya mlima), fremu ya aluminiamu, breki za V, foku ngumu isiyo na shoki. Naishi Goba na nafundisha shule moja jirani na Makumbusho. Kutoka nyumbani hadi lami ni njia ya mtaa: kifusi kilichomwagwa zamani, udongo umeshaondoka na maji, yamebaki mawe. Kuna kibonde kimoja ambacho mvua ikinyesha kinageuka mfereji. Nikishaikamata lami nateremka hadi Tangi Bovu, naingia Barabara ya Bagamoyo, Mwenge, Makumbusho. Kwenye keria kuna madaftari ya wanafunzi, na majira ya mitihani mzigo huo si wa kupuuza. Mwenyewe nina kilo 68.

Jumamosi mambo yanabadilika. Mimi na wenzangu tunavuka na pantoni pale Magogoni, tunapita Mjimwema, Gezaulole, tukiamka na nguvu tunasogea mpaka Kimbiji. Wikiendi nyingine tunakwenda upande wa Pugu na Kisarawe. Hakuna anayeshindana na mtu. Tunataka kufika tukiwa bado tunaweza kuongea, tule samaki, turudi kabla giza halijaingia.

Matairi niliyonayo ubavuni yameandikwa 700x38C, na chini yake kwa maandishi madogo 38-622. La nyuma limebaki kipara katikati, na mbavu za yote mawili zimeanza kupasuka nyufa ndogo ndogo. Pancha zinanisumbua sana nyuma, na karibu kila ninapokwenda kuziba, fundi wa mtaani kwetu anachomoa kipande cha waya mwembamba.

Nimezunguka Kariakoo nikarudi na majibu matatu. Duka moja walinitolea tairi la inchi 28, la zile baiskeli kubwa nyeusi za kubebea mkaa, wakasisitiza kwamba 28 ni 28, litaingia tu. Duka la pili wakanipa la baiskeli ya mlima, kashata kubwa, yaani yale meno ya mpira juu ya tairi. La tatu wakanishauri tairi laini jembamba la upana wa 32, kwamba kwa lami hakuna linalolifikia.

Nataka jozi moja ifanye kazi zote. Sitaki kukaa kila Ijumaa usiku nabadilisha matairi. Je, nichukue upana gani? Kashata zina maana kiasi gani? Na hizi waya, kuna tairi linaloweza kuzizuia?

Niseme wazi kwamba baiskeli hii naipenda. Tangu nianze kuitumia nafika darasani nikiwa nimechangamka, sijabanwa mlangoni mwa daladala, na jioni ninayo hamu ya kusahihisha madaftari. Ndiyo maana nataka nichague vizuri.

KimaraMwisho

Mwalimu, chukua ya mlima yenye kashata kubwa, umemaliza. Dar hii barabara gani ya kuwekea tairi laini? Mimi natumia hayo, Kimara hadi mjini, na nina amani.

Fundi_Spoku

Mwalimu, nimefurahi umeandika ile namba ndogo ya ubavuni, maana ndiyo inayotuokoa. Mimi nashughulika na baiskeli tangu nikiwa kijana, na vurugu kubwa kuliko zote ni hii ya "28".

Hiyo 622 ni kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi linapokalia kwenye rimu. 38 ni upana. Saizi yako ya 700C watu huiita 28, na baiskeli kubwa nyeusi za zamani nazo huitwa 28, lakini rimu yake ni 635. Tofauti ni milimita 13. Tairi la 635 ukilivalisha kwenye rimu yako linaingia kwa mikono mitupu, bila kubandua kwa chuma, na hapo ndipo watu hudanganyika kwamba limekubali. Ukijaza upepo linapanda upande mmoja, tyubu inachungulia, inapasuka. Ikitokea unateremka kutoka Goba na madaftari nyuma, ni hatari. Kuna na zile baiskeli za mitumba za Kijapani zenye kikapu mbele: nyingi ni 27, yaani 630, au 26 ya 590. Hizo pia haziingiliani na yako. Kwa upande mwingine, baiskeli za mlima za 29 rimu yake ni 622 ileile ya kwako. Kwa hiyo tairi la 29 likiwa jembamba kiasi cha kupita kwenye fremu yako, linakaa vizuri kabisa. Dukani usitaje 28. Sema 622.

Sasa upana. Hapa sikubaliani na duka la tairi la 32, na naeleza sababu. Tairi likizunguka hubonyea chini ya uzito wako kisha hurudi, na kila linapobonyea linakula nguvu kidogo ya miguu. Chukua tairi pana na jembamba, uyape upepo sawa: eneo linalogusa lami linakaribiana, ila kwa lile jembamba eneo hilo ni refu, tairi linabonyea kwenda ndani zaidi, na nguvu inayopotea ni kubwa. Wembamba unaleta wepesi pale tu unapoujaza upepo mwingi hadi tairi liwe gumu, na tairi gumu kwenye mawe ya mtaani kwenu litakurusha, litakuchosha mikono, na keria itapiga kelele hadi nati zilegee. Mtu wa kilo 68 mwenye mzigo, anayepita kifusi kila siku, simshauri kushuka chini ya 38. 40 au 42 ni bora kama fremu inaruhusu.

Inaruhusu? Pima. Chukua spana ya L ya namba 6, ambayo ni milimita 6, uipitishe kati ya tairi na fremu: kushoto, kulia, juu, mbele na nyuma. Nyuma angalia hasa pale mirija miwili ya fremu inapobana karibu na ekseli ya pedeli. Ukitoka 38 kwenda 42 unapoteza kama milimita 2 kila upande. Nafasi inayobaki ni ya tope na ya rimu kuyumba, usiimalize yote. Usisahau madigadi, na kwa breki za V hakikisha tairi likiwa na upepo linapita katikati ya mikono ya breki unapoifungua.

Kuhusu kashata. KimaraMwisho ndugu yangu, amani yako naiheshimu, lakini mwalimu anakaa kwenye lami muda mwingi kuliko kwenye vumbi. Kashata kubwa juu ya lami zinakunjika unapokata kona, zinavuma, na zinaisha haraka hasa nyuma. Wapo wanaodhani kashata zinahitajika ili baiskeli isielee juu ya maji kama gari. Gari huelea kwa sababu tairi lake ni pana, bapa, na linakwenda kasi. La baiskeli ni la mviringo na jembamba, linayakata maji lenyewe. Linaloteleza mvua ikinyesha ni mistari ya rangi ya barabarani, mifuniko ya chuma, na ule utelezi wa mafuta na vumbi wakati wa manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi. Hapo kashata hazikusaidii, punguza mwendo na usiinamishe baiskeli.

Kwa njia zako ningekuchagulia tairi ambalo katikati ni laini au lina mstari ulioungana, halafu mabegani lina kashata ndogo. Ukiwa wima kwenye lami unatembelea katikati, linakwenda kimya. Ukiingia vumbi au tairi likazama kidogo, yale mabega yanashika. Continental wana Double Fighter la namna hiyo, Schwalbe wana Land Cruiser, na makampuni ya Taiwan na China yanatengeneza mengi ya muundo huo kwa bei ya chini zaidi.

Hizo waya nazijua sana. Zinatoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Ndani ya tairi la lori kuna nyuzi za chuma, likichanika zinatawanyika pembeni mwa barabara, palepale tunapopita sisi. Waya ni mwembamba kuliko sindano, unaingia polepole, unakaa, na pancha inakuja baadaye ukiwa umeshausahau huo upande wa barabara. Kinachouzuia ni mkanda wa kinga uliomo ndani ya tairi, chini ya kashata. Schwalbe Marathon la GreenGuard lina mkanda wa mpira wa milimita 3, na Marathon Plus wa milimita 5. Hilo la pili ni zito na gumu, utalihisi kwenye mlima wa kurudi Goba, lakini kwa waya sijaona linaloliweza. Mara nyingi haya huletwa na mtu anayesafiri. Usipoyapata, tafuta tairi lolote la 622 lenye mkanda wa kinga, bonyeza katikati yake kwa kidole gumba na ulilinganishe na la kawaida: utahisi unene.

Mwalimu_Goba

Shikamoo mzee. Hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Spana ninayo, nitapima kesho asubuhi.

Swali dogo: fundi wetu ananishauri akate tyubu kuukuu aitandike ndani ya tairi kuwa kinga. Ni sawa?

Fundi_Spoku

Marahaba mwalimu. Inasaidia kiasi, na wengi tumeifanya miaka mingi. Kasoro yake ni kwamba inaongeza uzito, na pale kingo za kile kipande zinapokutana zinasugua tyubu mpya hadi inatoboka. Akiifanya, apunguze kingo kwa msasa na aweke poda. Lakini tairi lenye nyufa ubavuni hata ulitandikie nini halifai. Ukuta ndio umechoka.

Dada_wa_Kibada

Mwalimu karibu sana huku kwetu. Mimi naishi Kibada na barabara hizo za Mjimwema kwenda Gezaulole nazipita hadi nazijua zilivyo msimu kwa msimu, kwa hiyo niongezee upande wa mchanga, maana fundi ameupitia kwa haraka.

Mchanga wa huku ni wa aina mbili. Upo ule uliokanyagwa, wenye mchanganyiko wa udongo, ambao bajaji na bodaboda wameutengenezea mikanda miwili migumu. Huo unapita na tairi la 40 bila shida, cha msingi usitoke kwenye mkanda. Na upo ule mweupe mkavu wa karibu na bahari, unaomeza gurudumu. Huo hata uweke kashata za trekta hutapita kwa haibridi. Kashata huchimba, na ukichimba mchanga mkavu unajizika. Kinachokubeba juu ya mchanga ni upana na upepo mdogo, na upana unaotakiwa pale fremu zetu hizi hazina nafasi yake. Unashuka, unasukuma, unapanda mbele ya safari. Sioni aibu yoyote katika hilo.

Kwa hiyo tairi la mchanga usilisumbukie. Sumbukia geji, kipimo cha upepo. Nunua pampu ndogo yenye geji inayosomeka, kwa sababu tairi hilohilo likipunguzwa upepo kidogo linakuwa jingine kabisa. Mimi nina kilo 74, natumia 40. Asubuhi ya lami naweka PSI 60 nyuma na 55 mbele. Nikishuka kwenye pantoni kuelekea Gezaulole natoa mpaka 50 pande zote. Tofauti unaisikia mikononi papo hapo: mawe madogo hayakupigi tena, na kona za vumbi baiskeli inatulia. Ila kuna mpaka. Ubavuni wameandika kiwango cha chini na cha juu, usishuke chini ya kile cha chini, hasa ukiwa na mzigo. Ukigonga jiwe au ukingo wa lami na upepo mdogo, rimu inaibana tyubu na unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu mawili namna hiyo usitafute mwiba, ongeza upepo.

Halafu mbigili. Mzee amesema waya tu, lakini huku ukiegesha baiskeli kwenye nyasi pembeni ya njia unaweza kuondoka na mbigili kwenye tairi zote mbili. Iegeshe barabarani, au ibebe.

Bonde_la_Pugu

Nichangie upande wa Pugu, kwa kifupi. Kiangazi njia za huko ni ngumu na kavu, changarawe kidogo juu yake, na tairi alilolitaja fundi linatosha kabisa. Masika ni habari tofauti. Udongo ule mwekundu unanata, unajaza kashata hadi tairi linakuwa kipara cha tope, kisha unajaza nafasi ya madigadi na gurudumu linagoma kuzunguka. Kashata ndogo zilizobanana ndizo zinazojaa kwanza. Zilizoachana hujisafisha zenyewe, lakini ndizo zinazokuchosha kwenye lami mwaka mzima. Kuanzia Machi hadi Mei sisi tunapita barabara kuu ya Kisarawe, njia za ndani tunaziacha zikauke. Usinunue tairi kwa ajili ya wiki chache za tope.

Fundi, vipi kuhusu yale matairi yasiyo na tyubu, ya kuweka dawa ya maji? Mwalimu angeepuka pancha zote hizi.

Fundi_Spoku

Kwa rimu ya mwalimu siyashauri. Rimu inatakiwa iwe ya kazi hiyo, na tairi pia. Na ile dawa kwa joto letu inakauka mapema, unatakiwa kuifungua na kuongeza mara kwa mara. Kama anaitaka dawa, iko ya kutiwa ndani ya tyubu ya kawaida yenye valvu inayofunguka kiini chake. Inaziba matundu madogo ya waya na mbigili. Tundu kubwa la msumari haiwezi.

Dada wa Kibada amesema kweli kuhusu mbigili.

KimaraMwisho

Nimesoma yote. Mzee, la nyuma kwangu kweli linaisha haraka sana, nilidhani ni ubovu wa mpira. Likiisha hili najaribu la katikati laini.

Mwalimu_Goba

Nimepima. Foku ya mbele ina nafasi ya kutosha, spana inapita pande zote bila kugusa. Nyuma, upande wa kushoto inapita vizuri, kulia inapita kwa kusugua kidogo, palepale mzee aliposema, karibu na ekseli ya pedeli. Gurudumu halijapinda, nimelizungusha nikitazama pedi za breki. Kwa hiyo naona 42 nyuma ni kujitafutia ugomvi. Naelekea kwenye 40 mbele na nyuma.

Kuna ndugu yangu anarudi kutoka Ujerumani mwisho wa mwezi, naweza kumwagiza Marathon ya kawaida ya 40-622. Sitachukua Plus, mlima wa kurudi nyumbani naujua. Lakini Marathon katikati na mabegani kashata zake ni za lami. Kariakoo nako nimeona tairi la 40-622 lenye mstari katikati na kashata ndogo pembeni, limeandikwa kuwa lina kinga, nililibonyeza na kweli ni nene kuliko mengine. Sasa nimekwama kati ya hayo mawili. Pancha za nyuma ndizo zinazonichelewesha kazini, na mbele ndiko ninakohitaji kushika nikiwa kwenye vumbi. Je, naweza kuchanganya? Au ni lazima yafanane?

Na valvu: rimu yangu ina tundu kubwa, tyubu ni ya valvu kama ya pikipiki. Niiache hivyo?

Fundi_Spoku

Si lazima yafanane, na umeshajijibu vizuri, mwalimu. Weka Marathon nyuma: uzito mwingi uko huko, mzigo wa keria uko huko, waya zinaingilia huko. Lile la Kariakoo lenye mabega liweke mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza kwenye vumbi unaweza kulirudisha, la mbele likiteleza umeshaanguka. Kwa hiyo mbele panatakiwa siku zote pawe na tairi zima lenye mshiko mzuri. Likizeeka la mbele usilipuuze kwa sababu tu bado lina kashata, tazama ubavu.

Valvu iache kama ilivyo. Kila fundi wa bodaboda njiani ana pampu ya kuijaza. Ukijaziwa na mashine ya sheli simama naye, tyubu ya baiskeli ni ndogo na mashine ile inaweza kuipasua wakati yeye anaongea na mteja mwingine. Tyubu nunua mpya mbili, zilizoandikwa kwamba zinabeba upana wa 40.

Siku ya kufunga, angalia mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka, hasa lile la mbele. Na jina la tairi liweke lilingane na valvu. Ukipata pancha, ukitoa tyubu na kuona tundu liko wapi, unalipima kutoka kwenye valvu na unajua papo hapo sehemu gani ya tairi uitafute waya. Ipekue kwa kitambaa, usipitishe vidole vitupu. Waya ule ukibaki humo, kiraka chako hakifiki Mwenge.